Laisini inatokaje ndani ya bakteria

Ukienda duka la pembejeo za mifugo ukasema unataka kuchanganya mwenyewe chakula cha kuku wa mayai, muuzaji atakutajia pumba, mahindi ya kuparaza, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa, DCP, premiksi, alafu mwisho atakupimia vitu viwili vya bei ambavyo unavichukua kwa gramu tu, methionini na laisini. Laisini ni chengachenga za rangi ya kahawia iliyopauka, ukizitazama hazina maajabu. Nimezinunua miaka nikidhani ni kemikali ya kiwandani kama ilivyo mbolea, mpaka siku niliposoma kwamba kila chenga ile imetengenezwa na bakteria, kiumbe hai kabisa, na kwamba bakteria mwenyewe ndo aliyeitoa nje ya mwili wake, hakusagwa wala hakukamuliwa. Hapo swali likaniganda kichwani. Inatokaje?

Maana ukifikiria haiingii akilini haraka. Laisini ni asidi amino, na asidi amino ndo matofali ya kujengea protini, na bakteria anazitengeneza kwa gharama, anachoma sukari, anatumia nitrojeni, anatumia nishati. Sasa kwa nini ajenge tofali kwa jasho lake alafu alirushe nje ya ukuta? Na kwenye tangi la kiwandani sio kidogo kidogo, lita moja ya ule mchuzi inafika na kupita gramu 100 za laisini, hata ungewakamua bakteria wote waliomo kwenye hiyo lita usingekuta kiasi hicho ndani yao. Kwa hiyo inatengenezwa na kutoka, inatengenezwa na kutoka, saa baada ya saa, kupitia ngozi ambayo kazi yake hasa ni kuzuia vitu visitoke hovyo.

Tuanze na hiyo ngozi basi. Kila seli imezungushiwa utando mwembamba sana, nanometa chache tu, na utando huo kimsingi ni mafuta, tabaka mbili za molekuli za mafuta zimelaliana mikia ikiangaliana katikati. Chukua mchuzi wenye mafuta juu, weka chumvi, chumvi yote itayeyukia kwenye maji kule chini, kwenye mafuta haikai, kwa sababu chumvi ina chaji na mafuta hayapatani na kitu chenye chaji. Asidi amino nazo ziko hivo hivo. Kila moja ina upande wenye chaji chanya na upande wenye chaji hasi, inapenda maji, inakataa mafuta. Zipo chache zenye mkia wa mafutamafuta kama isolusini na fenilalanini, hizo zinaweza kupenya polepole zenyewe. Lakini laisini ina chaji chanya ya ziada, glutameti, asidi amino nyingine, ina chaji hasi ya ziada, hizo mbili kupita kwenye mafuta bila msaada ni kama haiwezekani.

Kuingia ndani hakukuwa fumbo. Wanasayansi walishajua zamani kwamba kuna protini zimepachikwa kwenye utando, zinakamata asidi amino nje na kuiingiza, na ilikuwa rahisi kuelewa kwa sababu kila kiumbe kinatafuta chakula. Kutoka ndo hakuna aliyekutilia maanani kwa muda mrefu, na naelewa kwa nini, nani angetegemea kiumbe kina mlango maalum wa kutupia mali yake?

Ila kiwanda kilitangulia maabara. Mwaka 1908 mkemia wa Kijapani Kikunae Ikeda alitoa glutameti kwenye mwani wa kombu, ule wanaochemsha kutengeneza supu, akasema hii ndo ladha ya umami, ile ladha nzito ya supu na nyama, na mwaka uliofuata kampuni ya Ajinomoto ikaanza kuiuza kama kiungo. Kwa miaka mingi ilitengenezwa kwa kuchukua protini ya ngano na kuichemsha na asidi kali mpaka ivunjike, kazi ya moto na harufu na uchafu mwingi. Miaka ya 1950 Shukuo Kinoshita na wenzake kwenye kampuni ya Kyowa Hakko, Tokyo, wakajiuliza kama kuna bakteria anayeweza kuitoa glutameti mwenyewe tu ukimpa sukari na amonia.

Njia waliyotumia kumtafuta naipenda sana. Walichukua bakteria kutoka sehemu mbalimbali wakawakuza kwenye sahani, kila mmoja na kidoa chake, alafu wakawafunika na tabaka lenye bakteria mwingine ambaye hawezi kukua kabisa bila kupewa glutameti. Sasa unasubiri. Pale utakapoona duara la ukungu limeota kuzunguka kidoa fulani, umepata jibu, yule wa chini anavujisha glutameti na yule wa juu anaila. Mwaka 1956 wakampata, na leo anaitwa Corynebacterium glutamicum, bakteria wa udongoni, hana madhara kwa watu, umbo lake kama rungu dogo. Tasnia nzima ya asidi amino imesimama juu yake na ndugu zake wa kiwandani, glutameti peke yake inatengenezwa zaidi ya tani milioni tatu kwa mwaka, na laisini zaidi ya tani milioni mbili, nyingi inaenda kwenye chakula cha kuku na nguruwe.

Sasa kulikuwa na jambo la ajabu. Bakteria huyu hatoi glutameti muda wote. Ukimpa chakula cha kutosha ananenepa na kugawanyika na hatoi kitu. Anaanza kutoa ukimnyima bayotini, ile vitamini ya kundi B, au ukimwekea penisilini kidogo, au ukimwekea kitu cha aina ya sabuni, au ukitumia ethambutoli, ndio, dawa ile ile ya kifua kikuu. Kwa haraka haraka vitu hivi havihusiani, lakini vyote vinagusa ganda au utando. Bayotini anaihitaji kutengeneza mafuta ya utando na yeye hawezi kuitengeneza mwenyewe, penisilini inaharibu ukuta wa seli, sabuni inachezea mafuta, na ethambutoli inazuia kujengwa kwa sukari za arabinani kwenye ganda la nje, ganda ambalo C. glutamicum anafanana kwa sehemu kubwa na bakteria wa kifua kikuu kwa sababu ni ndugu kiukoo.

Kwa hiyo jibu lililokubalika miaka hiyo lilikuwa rahisi, utando umechakaa, glutameti inavuja. Kama gunia lililotoboka. Mtu yeyote angefikia hapo, hata mimi ningefika hapo.

Tatizo ni kwamba gunia lililotoboka halichagui. Kama ni tundu tu, basi na vitu vingine vidogo vingetoka pamoja na glutameti, potasiamu, ATP ambayo ndo hela ya nishati ya seli, asidi amino nyingine zote. Na seli iliyovuja hivo ingekufa haraka, wakati hawa wanaendelea kuishi na kufanya kazi kwa muda mrefu huku glutameti ikimiminika. Mwaka 1989 Reinhard Krämer na mwenzake, kutoka kituo cha utafiti cha Jülich, Ujerumani, walipima kwa makini kinachotoka na kinachobaki, kasi yake, na hali ya umeme wa utando, wakaonyesha kwamba utando uko mzima na inayotoka ni glutameti, yaani kuna kitu kinachoibeba, kuna mlango. Ilikuwa kauli nzito kwa wakati ule. Ila mlango wenyewe hakuna aliyeushika.

Wa kwanza kushikwa ukawa wa laisini, na ulishikwa hapo hapo Jülich mwaka 1996, na Marina Vrljić, Hermann Sahm na Lothar Eggeling. Walikuwa na bakteria mwenye hitilafu, anatengeneza laisini vizuri tu ila haitoki. Ukiwa na mgonjwa kama huyo kazi inakuwa ya kumrudishia vipande vya DNA kutoka kwa mzima, mpaka upate kipande kinachomfanya aanze kutoa tena. Wakakipata, ndani yake kuna jeni moja wakaiita lysE. Protini yake LysE ni ndogo, asidi amino kama 230 hivi, imejikunja ikavuka utando mara kadhaa, na haikufanana na kisafirishaji chochote kilichokuwa kinajulikana. Walikuwa wamefungua ukoo mpya kabisa wa protini, na baadaye ndugu zake wakaanza kuonekana kwa bakteria wa kila aina.

Lakini kwangu mimi kilichotatua fumbo lote sio kuipata ile jeni, ni kile walichofanya baada ya kuipata. Waliifuta kwa bakteria wa kawaida, sio wa kiwandani, huyu wa porini ambaye hajawahi kulazimishwa na mtu kutengeneza laisini nyingi, wakamwangalia anaishije bila mlango. Kwenye chakula cha sukari tupu hakuna kilichotokea, akaishi kama kawaida. Alafu wakamwekea kipeptidi kidogo, asidi amino mbili zilizoshikana, moja laisini na nyingine alanini. Hapo akakwama. Akaacha kukua. Walipopima ndani ya seli wakakuta laisini imepanda ikapita mola moja, ambayo kwa hesabu ya kawaida ni zaidi ya gramu 146 kwa kila lita ya maji yaliyomo ndani ya seli. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita. Yaani ndani ya yule bakteria kulikuwa kumejaa kitu kimoja tu, mara nne ya chumvi ya bahari, hakuna nafasi ya kufanya kazi nyingine.

Kwa nini? Turudi udongoni anakoishi. Udongoni hapati sukari safi kama ya kiwandani, anapata mabaki, majani yanayooza, wadudu waliokufa, protini zilizovunjwavunjwa kuwa peptidi. Na peptidi anazibeba nzima nzima, anaziingiza ndani ndo anazikata. Ni kama mtu anayenunua nazi na makumbi yake yote, anabeba mzigo mzima mpaka jikoni, nyama ya nazi anaitumia na makumbi yanabaki. Alanini anaitumia vizuri, anaichoma kwa nishati. Laisini hawezi, C. glutamicum hana njia ya kuivunja laisini ikawa kitu kingine, anachoweza ni kuiweka kwenye protini zake tu. Ikizidi hapo haina pa kwenda. Na hawezi kuacha kuingiza peptidi kwa sababu ndo chakula chenyewe. Kwa hiyo kila anavyokula ndivyo makumbi yanavyojaa jikoni, na bila mlango wa nyuma atazikwa na chakula chake mwenyewe.

Mlango wa nyuma ndo LysE. Kwa hiyo lile swali la kwa nini atupe mali yake lilikuwa limeulizwa vibaya tangu mwanzo, tulikuwa tunamwangalia kwenye tangi la sukari ambako hakuzaliwa, wakati yeye maisha yake ni ya karamu za ghafla na njaa ndefu, na laisini iliyozidi kwake ni mzigo.

Na hauachi wazi huo mlango. Pembeni ya lysE kuna jeni nyingine, lysG, inatengeneza protini ya ulinzi inayokaa inapima kiasi cha laisini ndani. Laisini ikipanda inamshika LysG, naye ndo anaruhusu lysE isomwe na milango itengenezwe. Ikishuka, amri inasimama. LysG anasikia pia arjinini, ambayo LysE anaitoa pia, na hata histidini na sitrulini zinamwamsha ingawa LysE hazitoi. Mfumo mzuri sana, kiumbe cha ukubwa wa elfu moja au mbili za nanometa na ana mlinzi wa getini.

Kuna swali la nishati ambalo watu wengi wanaliruka na mi naona ndo utamu ulipo. Ndani ya bakteria kuna chaji hasi ukilinganisha na nje, tofauti ya karibu milivolti 180 au 200, anaitunza kwa kusukuma protoni, chembe zenye chaji chanya, nje muda wote. Laisini ni chanya. Kwa hiyo umeme wa utando unaivuta laisini ndani, na wewe unataka itoke. Ukiweka tundu la kawaida, laisini ya nje ndo ingekimbilia ndani. LysE analitatua hivi, kila laisini moja inatoka pamoja na ioni mbili za hidroksidi ambazo ni hasi, au ukitaka sema protoni mbili zinaingia laisini moja inapotoka, kwa hesabu za chaji ni kitu kile kile. Laisini na zile hidroksidi mbili haziko tena chanya, na umeme ule ule uliokuwa unaizuia sasa unasaidia kusukuma. Ndio maana bakteria anaweza kuendelea kutoa laisini hata pale nje inapokuwa imejaa tele kama kwenye tangi, anailipia kwa protoni, na protoni anazilipia kwa sukari. Sukari yote ile inayomwagwa kiwandani, sehemu yake inaenda kulipa nauli ya kutoka.

Glutameti hadithi yake ni nyingine kabisa, na ilichukua muda mrefu zaidi ingawa ndo ilianza kujulikana kiwandani. Glutameti ni hasi, ndani ni hasi, na ndani imejaa kuliko nje, kwa hiyo umeme na wingi vyote vinaisukuma kutoka. Haihitaji pampu. Inahitaji mtu afungue tu. Mwaka 2007 watafiti wa Ajinomoto, Jun Nakamura na wenzake, wakaitaja jeni NCgl1221, ambayo siku hizi protini yake inaitwa MscCG, na wakaonyesha kwamba ukiifuta, utoaji wa glutameti unaanguka, na mabadiliko fulani ya jeni hiyo yanamfanya bakteria atoe glutameti hata bila kunyimwa bayotini wala kuwekewa penisilini.

Na MscCG ni nini? Ni valvu ya dharura. Ukoo wake ulishajulikana kwa E. coli, bakteria wa utumboni anayetumika sana maabara, ni protini zinazosikia mvutano wa utando. Fikiria bakteria wa udongoni wakati wa kiangazi, udongo umekauka, amejijaza ndani glutameti na chumvi na vitu vingine ili maji yasimtoke. Alafu mvua inanyesha ghafla. Maji masafi yanamzunguka na yanaingia ndani kwa kasi kwa sababu ndani ni kuzito, seli inavimba, utando unavutika kama puto, na asipofanya kitu ndani ya sekunde chache anapasuka. Utando ukivutika hizo valvu zinafunguka zenyewe, vitu vinamwagika nje, presha inashuka, anapona. Ni kama ile pua ya sufuria ya presha inavyopiga mluzi, hakuna anayeifungua, mvuke wenyewe ndo unaiinua.

Sasa rudia kusoma ile orodha ya juu, bayotini, penisilini, sabuni, ethambutoli. Vyote vinabadilisha mvutano wa utando au nguvu ya ukuta unaoushikilia. Wajapani wa miaka ya 50 walikuwa wanaipiga valvu ya mvua bila kujua kuwa ipo, wanamdanganya bakteria kwamba ngozi yake inavutika. Wale waliosema utando unahusika walikuwa sahihi, na Krämer aliyesema kuna mlango alikuwa sahihi pia, kwa sababu utando ndo unaoufungua mlango. Niongeze tu kwamba kufungua peke yake hakutoshi, hali zile zile zinapunguza pia kazi ya kimeng'enya kimoja cha mzunguko wa Krebs, njia ya seli ya kuchoma chakula, kile cha oksoglutareti, kwa hiyo malighafi iliyokuwa inaenda kuchomwa inageukia kuwa glutameti. Ndani inatengenezwa nyingi na wakati huo huo mlango uko wazi.

Baada ya LysE watu wakaacha kushangaa na kuanza kutafuta, na milango ikaonekana kila mahali. C. glutamicum mwenyewe ana ThrE ya threonini, iliyotangazwa mwaka 2001, ana BrnFE ya isolusini, lusini na valini, ambayo ikaja kuonekana inatoa na methionini pia. Kwa E. coli ziko nyingi mpaka majina yanachanganya, RhtA, RhtB na RhtC za threonini na homoserini ambazo sehemu kubwa ni kazi ya watafiti wa Moscow, YgaZH ya valini, AlaE ya alanini, EamA ya sisteini. Hii ya sisteini inaeleweka haraka kwa sababu sisteini ikizidi ndani ni sumu kabisa.

ArgO ya arjinini ndo inastahili kusimamiwa kidogo. Kuna mimea ya jamii ya maharage, kama ile ya Canavalia ambayo wakulima wengine wanaipanda kufunika udongo, ina sumu inaitwa kanavanini. Kanavanini inafanana na arjinini kiasi kwamba seli inakosea na kuijengea kwenye protini, na protini inaharibika. E. coli asiye na ArgO anaumizwa na kanavanini kwa urahisi zaidi kuliko mwenye nayo. Kwa hiyo mlango huu unafanya kazi mbili, kutoa arjinini iliyozidi na kutoa sumu iliyojifanya arjinini, na hii inakuonyesha kwamba sababu za kuwa na milango haziko moja. Kuna wa karamu, kuna wa mvua, kuna wa sumu.

Mwaka 2016 timu ya Kijapani ikapiga picha ya muundo wa mmoja wao, YddG, anayetoa asidi amino zenye pete kama fenilalanini, picha ya kiwango cha atomu. Ni protini yenye nguzo kumi zinazovuka utando, katikati kuna tundu kubwa la kutosha molekuli, limefunguka kuelekea nje. Kutoka kubishana kama mlango upo mpaka kuuhesabu nguzo ni chini ya miaka 30.

Turudi kwenye kiwanda, kwa sababu mambo yote haya yana hela ndani yake. Kumfanya bakteria atengeneze laisini nyingi shida ya kwanza ni breki. Kimeng'enya cha mwanzo wa njia hiyo, aspartokinasi, kinabanwa pale laisini na threonini zinapokuwa nyingi kwa pamoja, kwa hiyo Wajapani wa mwanzo walichagua bakteria wasioweza kutengeneza homoserini, malighafi ya threonini, hao threonini hawapati ila ile kidogo wanayolishwa, na breki ikishikwa na mkono mmoja tu haikamati. Wakaja wengine wakabadilisha breki yenyewe isisikie laisini kabisa. Sawa, lakini ukishaondoa breki na gari linakwenda kasi, foleni inahamia getini. Laisini inatengenezwa haraka kuliko inavyotoka, inajaa ndani, bakteria anachoka. Ndio maana siku hizi ukitaka kuboresha bakteria wa kiwandani unagusa na mlango, unamwongezea nakala za lysE au unaifanya isomwe kwa nguvu zaidi. Na unafanya na kinyume chake, unaziba milango ya kuingilia, kwa sababu hakuna maana ya kulipa nauli ya kutoa laisini nje alafu kisafirishaji kingine kinairudisha ndani.

Na kuku anaingiaje? Mahindi yana laisini kidogo, hiyo ndo asidi amino inayopungua mwanzo kabisa kwenye nafaka, na kuku kama sisi hawezi kujitengenezea. Protini inajengwa kwa mpangilio, ikikosekana laisini moja ujenzi unasimama pale hata kama asidi nyingine zote zimejaa, na hizo nyingine zinaishia kuvunjwa na nitrojeni yake inatoka kwenye kinyesi. Kwa hiyo una njia mbili, ongeza soya na dagaa mpaka laisini itoshe, ambayo ni gharama na unamlisha protini nyingi asiyoihitaji, au weka gramu chache za laisini tupu na upunguze soya. Binadamu tulishalitatua hili kwenye sahani, ugali na maharage, makande, maharage yanabeba ile laisini ambayo mahindi hayana.

Kitu kimoja cha mwisho kuhusu ule mlango wa mvua. Baada ya 2007 kuna aina za kiwandani za C. glutamicum ambazo ukizifutia MscCG haziachi kutoa glutameti, inaendelea kutoka kana kwamba hujagusa kitu. Mwaka 2018 watafiti wakaonyesha sababu, bakteria hao wana valvu ya pili, wakaiita MscCG2, ukoo ule ule wa kusikia mvutano lakini mfuatano wake unafanana na wa kwanza kwa sehemu ndogo tu, na ukizifuta zote mbili ndo glutameti inakwama.